Mwaka wa Madoadoa

Kwenye ibada ya kumuaga Beatrice, pale Manassas, huku kwetu Virginia, Grace alikaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na meza ya chai, na koti lake hakulivua mpaka mwisho. Alikuwa ameendesha gari kutoka Germantown, kule Maryland, na mvua ile, na barabara ya mzunguko siku za mvua ukiipita salama inafaa utoe sadaka. Msichana mmoja wa kamati ya mazishi, wa juzi tu, asiyejua historia ya yeyote kati yetu, alimwinamia akamuuliza, "Sorry Auntie, wewe ni nani wa marehemu?" Grace akafikiri kidogo. "Jirani," akasema. Yule msichana akaitikia kwa heshima, akaenda kumwambia mwenzake kwamba yule mama anaishi mtaa mmoja na marehemu hapahapa Manassas. Sikumsahihisha. Habari ya Grace na Beatrice si ya kusimuliwa watu wakiwa wamesimama na vikombe mkononi. Inataka mtu akae, na leo nimekaa.

Siku ile nilirudi nyumbani nikakuta televisheni inapiga kelele. Ni msimu wa kampeni za hapa, na mgombea mmoja alikuwa jukwaani akiwaeleza watu jinsi nchi yao ilivyochafuliwa na wageni na jinsi atakavyoisafisha. Umati ulishangilia kama mpira umeingia wavuni. Mwanangu Salim alikuwa amejilaza kwenye kochi, simu kifuani, wala hasikilizi. Nikamwambia azime. Salim amezaliwa Virginia. Kiswahili anakielewa chote, hata matusi, lakini hunijibu kwa Kiingereza. "Mom, relax," akasema. "They don't mean us." Eti hawatumaanishi sisi. Maneno hayohayo niliwahi kuyasikia kwa Kiswahili, jikoni Springfield, yakisemwa na mtu aliyempenda kwa dhati yule aliyekuwa akimwambia. Watoto wangu husema naogopa kupita kiasi, kwamba kila uchaguzi naanza kujaza kabati unga na maharage. Sawa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na unga hauozi upesi.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na tuliishi wanawake watatu kwenye besimenti ya nyumba moja Springfield, karibu mno na pale barabara kuu zinapofumana, kiasi kwamba ngurumo za malori tuliacha kuzisikia. Dirisha lilikuwa moja, juu chini ya dari, na kupitia hilo uliona majani na viatu vya watu wanaopita. Beatrice na Grace walikuwa Wakenya, wote wa mji mmoja wa mashamba ya mahindi ambao sitautaja. Walisoma shule moja, na nyumba za wazazi wao zilitenganishwa na ua wa michongoma. Makabila yalikuwa mawili. Watu wa Beatrice ndio waliohesabiwa kuwa wenyeji wa eneo lile. Babu yake Grace alihamia kutoka mbali, akanunua shamba, akazaa, akazikwa hapo, na bado waliitwa wa kuja. Haya nilikuja kuyaelewa baadaye. Mwanzoni mimi, Mtanzania wa Morogoro, niliona Wakenya wawili tu wenye kelele.

Beatrice ndiye aliyekuwa mkubwa wetu, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha ambayo wazee aliowahudumia kwenye nyumba ya kutunzia wazee waliipenda, maana waliisikia. Grace aliuza viatu mchana, jioni akasomea uhasibu. Mimi nilifanya kazi kwa dobi, drai klina ya mama mmoja wa Kikorea, na kituo changu kilikuwa meza ya nyuma, meza ya madoa. Kutwa nzima nililetewa mashati na sketi za watu wa maofisini Washington: mvinyo, wino, mchuzi, rangi ya midomo ambayo si ya mke. Yule mama hakuwa na Kiingereza kingi, wala mimi. Alinifundisha kwa mikono. Usisugue, bonyeza. Nguo ikirudi safi alikuwa akiinyanyua kwenye taa, ananitazama, anatikisa kichwa kwa furaha, nami najiona nimehitimu. Niliipenda kazi ile. Nilikuwa naisifia mpaka wenzangu wananiomba ninyamaze.

Jikoni ndiko tulikoishi hasa, maana vyumbani palikuwa na nafasi ya kulala tu. Jumamosi tulisonga ugali kwa unga wa dukani ambao haukukubali kushikana vizuri, Beatrice akilaumu unga, Grace akimlaumu Beatrice. Sukuma wiki tulipikia majani mapana magumu wanayoyapenda Wamarekani weusi, tukiyakata membamba mpaka yakasahau kwao. Mezani ndipo nilipotaniwa. "Eti 'naomba chumvi'," Beatrice alikuwa akiniiga, amefumba macho, mkono kifuani. "Zuhura, chumvi ni yako, ume-contribute, sema tu 'leta chumvi'!" Nami nawajibu kwamba Kiswahili kilizaliwa Unguja, kikakulia Tanganyika, kikaugua Kenya, na mgonjwa mwenyewe ninamwona hapa mbele yangu anakula ugali. Beatrice alipozungumza na baba yake kwa simu, kwa lugha ya kwao, Grace alikuwa akicheka palepale kwenye utani, kabla hata Beatrice hajacheka. Alikua akiisikia lugha ile kupitia michongoma. Nilikuwa nawaonea wivu, nasema kweli.

Kampeni za Kenya ziliingia ndani kwa njia ya laptopu. Beatrice alikuwa amegundua kwamba redio ya kwao, ile ya lugha yao, inapatikana kwenye mtandao, akawa anaiweka juu ya friji tangu anaporudi kazini. Kulikuwa na nyimbo, matangazo ya dawa za ng'ombe, kisha watu wanapiga simu kituoni, wanaongea kwa hasira, mtangazaji anacheka. Sikuelewa hata neno moja. Ila nilikuwa namtazama Grace, ambaye alielewa yote. Alikuwa akikata kitunguu, kisu kinakwenda polepole, polepole, halafu kinasimama. "Wanasema nini?" nikamuuliza siku moja. "Siasa tu," akasema, akafuta macho kwa kiwiko, na kitunguu kikabeba lawama.

Nje nako mambo yalibadilika. Kwenye sherehe za Wakenya, kule Maryland na huku kwetu, watu walizoea kuuliza unafanya kazi wapi na makaratasi yako yamefika wapi. Sasa wakaanza kuuliza jina. "Grace nani?" Grace akitaja jina la baba yake la Kikristo, wanatabasamu, "Hilo nimesikia, lile lingine sasa." Mimi nikadhani wanataka kumwandikia kadi ya mwaliko vizuri. Kwangu jina la pili ni la baba, basi; kumbe kwao jina la pili ndilo linaloamua utakaribishwa kiti au utatazamwa. Kwaya moja tuliyokuwa tukiifuata, ya Kiswahili, ikagawanyika katikati ya mazoezi, sauti ya kwanza yote ikaenda upande mmoja na besi upande mwingine, na hakuna upande ulioweza tena kuimba wimbo ukakamilika. Tulicheka sana habari hiyo. Grace alicheka pia, lakini kutoka jioni ile akaacha kwenda kwenye sherehe. Ndipo Beatrice alipomshika bega pale jikoni, kwa upendo, sina shaka yoyote kwamba ulikuwa upendo, akamwambia, "Grace, hawamaanishi wewe. Wewe si ni wetu?" Grace akamtazama. "Na mamangu?" akauliza. Mama yake alikuwa mjane, akiishi peke yake katika nyumba ile upande wa pili wa michongoma. "Ah, mama naye ni wetu," Beatrice akasema. "Nani atamgusa mama?"

Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani ilituangukia wiki chache kabla ya uchaguzi wao. Beatrice alialika binamu yake Elijah, dereva wa magari ya kifahari kutoka Manassas, na marafiki zake wawili. Mimi nilipika pilau, bata mzinga tukamwachia Grace, ambaye alimsugua limau na kitunguu saumu tangu asubuhi akisema ndege mwenye nyama nyeupe namna ile ana ugonjwa. Elijah alikuwa mcheshi, mtanashati, mtu wa kukujazia soda kabla hujamaliza. Akaniuliza nafanya kazi gani. Basi mwenyewe nikaona nimepata jukwaa. "Mimi?" nikasema. "Mimi kazi yangu ni kuondoa madoadoa. Niletee mimi, niachie wiki moja tu, halibaki hata moja."

Wote wakanigeukia. Kisha Elijah akapiga meza kwa kiganja akacheka mpaka akakohoa. "Aki huyu Mtanzania!" akasema. "Hata yeye ame-join! Tumpeleke nyumbani afanye kazi!" Marafiki zake wakacheka. Na Beatrice akacheka, kicheko kifupi, mkono mdomoni. Nami nikacheka, maana mtu akichekesha meza nzima hujiona hodari. Nikaongeza, Mungu anisitiri, kwamba siri ni kutosugua. Grace aliweka kijiko chini taratibu, akaondoka mezani, na mlango wa chumba chake tukausikia ukifungwa kwa ufunguo. Bata wake alibaki amekatwa upande mmoja.

Wageni walipoondoka Grace alitoka akasimama mbele yangu. Hakupiga kelele. "Zuhura, unajua madoadoa ni nini?" Nikasema ni madoa, madogomadogo. "Kwenu," akasema. "Kwetu ni mimi. Kwetu ni mamangu. Wanasiasa wao wanasimama kwa jukwaa wanaambia watu watoe madoadoa kwa ngozi ya ng'ombe, na kila mtu anajua si ng'ombe. Hiyo ndiyo iko kwa redio kila siku hapa juu ya fridge."  Nikaanza kujieleza, Grace akanizuia kwa mkono. "Wewe hukujua. Wewe nimekuachilia." Kisha akamgeukia Beatrice, aliyekuwa akiosha masufuria. "Lakini wewe ulicheka."

"Nilicheka juu Zuhura hakujua!" Beatrice akasema. "Grace, please. Ilikuwa funny. Mtanzania wa watu ameingia kwa siasa na shati za wazungu."

"Ulicheka kabla ama baada ya Elijah?"

"Sasa hiyo ni swali gani?"

"Ni swali."

Beatrice akageukia tena masufuria. Sidhani alijua. Mimi mwenyewe nimelirudia tukio hilo akilini miaka yote hii, nikijaribu kusikia kicheko kipi kilitangulia, na siwezi kuapa. Ulimi hauna mfupa, wazee walisema, lakini sikio nalo lina kumbukumbu yake. Kicheko kile kilikaa nasi mle besimenti muda mrefu kuliko samani zote.

Tangu siku hiyo nikawa posta. Wanawake waliolala wakitenganishwa na ukuta mwembamba wakatumiana habari kupitia kwangu. "Mwambie huyo taka ni zamu yake." "Mwambie ameshatoa." Beatrice alihamisha laptopu chumbani, akasikiliza redio kwa vipokea sauti, ikawa mbaya zaidi, kwa sababu sasa Grace alimwona tu akiitikia kwa kichwa, asijue mwenzake anakubali nini. Kazini kwangu nililichukia jina la meza yangu. Usiku ule wa kabla ya kura Beatrice alimpikia Grace chai ya maziwa, akaiacha mezani imefunikwa kwa sahani. Asubuhi niliikuta palepale, ina utando juu.

Kura zikapigwa, matokeo yakagombewa, na moto ukaanza. Tuliuona kwenye televisheni ya chumbani kwa Grace, ile ndogo, picha za juu zilizopigwa kutoka kwenye ndege: mashamba ya mahindi, moshi, nyumba zilizobaki kuta. Grace alisogelea kioo mpaka pumzi yake ikaonekana juu yake, akijaribu kutambua bati la nyumba yao. Simu ya mama yake haikupatikana. Alikwangua kadi za simu moja baada ya nyingine, sauti ya mwanamke iliyorekodiwa ikimkaribisha kwa Kiingereza cha furaha, kisha mlio wa simu iliyozimwa. Aliacha kula. Nami nikaenda chumbani kwa Beatrice nikamwambia, dada, baba yako yuko upande wa pili wa ua. Mpigie.

Beatrice alikuwa amekaa kitandani na sare ya kazi. "Unajua unaniomba nini?" akasema, sauti yake ya kuamrisha yote imekwisha. "Wanaita mtu kama huyo msaliti. Anayeficha pia anachomewa. Zuhura, niko na wadogo zangu wanne kwa hiyo nyumba."  Sisi Watanzania tunapenda kujisifu kwamba kwetu hakuna ukabila, na siku ile nilitamani kulisema hilo, nikaona aibu, kwa sababu sijawahi kuulizwa nichague baba yangu au mama wa rafiki yangu. Nikarudi jikoni nikawasha jiko bila kuwa na cha kupika.

Asubuhi iliyofuata Beatrice alikuwa amesimama anakunywa chai kabla ya kwenda kazini. Grace aliingia na nguo za jana. Hakumtazama, alitazama friji. "Beatrice," akasema, neno la kwanza kati yao tangu Sikukuu ya Shukrani. "Mama." Hakuongeza lingine. Beatrice aliweka kikombe chini, akachukua simu yangu iliyokuwa mezani, maana kadi yangu bado ilikuwa na salio, akapiga. Alizungumza na baba yake kwa lugha ya kwao, kwanza pole, kisha kwa nguvu, kisha akawa anabembeleza kama mtoto. Mimi nilitafuta habari usoni mwa Grace, aliyekuwa akielewa kila neno, na uso ule ulikuwa hauna chochote. Mwisho Beatrice akapaza sauti, akasema sentensi moja mara mbili, na Grace akashika ukingo wa meza. Baadaye nilimwuliza Grace, Beatrice alisema nini? "Alimwambia baba yake, 'Kama hutamchukua, mimi usinihesabu kwa watoto wako.'"

Mzee alimchukua. Alipita kwenye michongoma na panga, akakata njia, akamtoa mama yake Grace jikoni kwake alikokuwa amejifungia, akamweka kwenye ghala la mahindi. Vijana waliokuja kuuliza aliwaambia ni mjane wa kanisani, mtu wa pwani, mgonjwa. Nyumba ya mama waliichoma, mwenyewe akiisikia kutoka ghalani. Watu wengi niliowasimulia habari hii hufikia hapa wakapumua, wakasema basi, wakapatana. Ningependa iwe hivyo. Mama aliishi, ndugu zake walimhamishia mji mwingine mambo yalipotulia, wala hakurudi tena kwenye shamba lile. Beatrice na baba yake hawakukaa sawa hadi mzee anafariki. Na Grace alihamia Germantown kabla theluji haijaisha. Hawakugombana tena. Walitumiana salamu kupitia kwangu, kila sikukuu, kwa miaka yote, salamu za adabu. Grace alikuwa na deni la shukrani kwa nyumba ileile iliyomtia hofu, na nadhani kila alipomwona Beatrice alivisikia vyote viwili pamoja. Lakini kuna jambo jingine, na hilo nililishuhudia kwa macho.

Siku chache baada ya mzee kumchukua, simu iliita tukiwa jikoni, sote watatu. Beatrice alipokea, akasikiliza, akampa Grace upesi. "Ni mama. Mdogo wangu amempatia simu." Grace aliikamata kwa mikono miwili, akamwaga maneno kwa lugha ya watu wake mwenyewe, ile ya babu yake, machozi yakimtiririka mpaka shingoni. Sauti ya mama ikamkata. Simu ilikuwa na sauti kubwa, tuliisikia sote.

"Hapana. Hapana. Sema Kiswahili." Ilikuwa kama mnong'ono. "Watu iko nje. Sema Kiswahili tu."

Grace akaacha katikati ya sentensi. Neno moja la lugha yao, likipita kwenye mbao za ghala lile, lingewaua wote waliokuwa ndani. Na maisha yao yote, mama na mwana, hawakuwahi kusemezana Kiswahili. Cha mama kilikuwa cha sokoni, alikojifunza akiuza nyanya. Cha Grace kilikuwa cha shuleni na cha mizaha yetu. Ndani ya lugha ile, ambayo tulifundishwa sote utotoni kwamba ndiyo inayotuunganisha, wawili hao hawakuwa hata na jina la kuitana.

"Habari?" Grace akasema.

"Mzuri."

"Umekula?"

"Nimekula. Wamenipa ugali."

"Na nyumba?"

"Nyumba hakuna."

"Umeumia?"

"Mguu kidogo. Ya kuanguka."

Grace akanigeukia mimi, mwenye Kiswahili, mimi wa "naomba chumvi", macho yakiniuliza watu husemaje. Nilikuwa na maneno mengi. Yote yalikuwa yangu, ya mama yangu, ya Morogoro. Nikamnong'oneza aseme pole.

"Pole," akasema.

"Asante."

Nyuma ya mama tukasikia wanaume wakiongea kwa mbali, mbwa akibweka. Beatrice alikuwa amegeukia sinki, ametupa mgongo, mabega yanatikisika bila sauti. Kisha mama yake Grace akatafuta namna ya kumuaga mwanawe, akatoa ile moja aliyokuwa nayo, aliyowaambia wanunuzi wake miaka yote.

"Haya. Asante sana," akasema. "Karibu tena."